Ngamia Aliyenyweshwa Kila Siku

Kila asubuhi Nakolong alikwenda kisimani mara mbili. Mara ya kwanza aliteka maji ya nyumbani. Mara ya pili aliteka maji ya ngamia.

Aliishi kijijini Ngaremara, karibu na Isiolo, na mume wake, Emuria, na binti yao Akal, mwenye miaka mitatu. Zamani walifuga ng'ombe. Ukame uliwaua wote. Mbuzi waliobaki waliwauza, wakanunua ngamia mmoja na ndama wake. Akal alikuwa amekonda sana. Muuguzi wa zahanati alisema apewe maziwa kila siku.

Kwa hiyo walimtunza ngamia kwa upendo. Walimfunga karibu na nyumba. Walimkatia nyasi. Walimnywesha kila siku. Lakini nundu yake ilipungua, ikalala upande mmoja. Maziwa nayo yakapungua. Jumatano moja hayakufika nusu kikombe.

"Nundu imekauka," Emuria alisema. "Hilo ndilo pipa lake la maji. Mwongezee ndoo nyingine."

"Nimeongeza tangu Jumapili, Baba Akal. Hanywi."

Emuria alimzunguka ngamia, akampapasa mbavu. Kisha akasema polepole, "Nimeongea na mchinjaji. Atakuja Ijumaa. Afadhali tumuuze akiwa bado na nyama kidogo."

"Na mtoto atakunywa nini?"

Emuria alikwenda kumfunga ndama. Nakolong alipiga magoti kando ya jiko, akaomba. "Bwana, wewe ndiwe uliyemuumba mnyama huyu. Sisi hatumjui. Tuonyeshe tunapokosea."

Alhamisi asubuhi alipita Sirad, jirani yao. Watu wake walifuga ngamia tangu zamani, naye aliuza maziwa mjini Isiolo.

"Salaam aleikum, Mama Akal. Huyu ngamia ameiba nini? Mbona mmemfunga kama mwizi?"

"Habari yako, Sirad. Ni mgonjwa. Ana kiu."

Emuria alipotoka nyumbani, Sirad alisukuma ndoo ya maji mbele ya ngamia. Ngamia alinusa, akageuza kichwa. Sirad akavuka barabara, akavunja tawi bichi la mgunga, akarudi nalo. Ngamia alinyoosha shingo mpaka kamba ikakaza. Akala majani pamoja na miiba yake.

"Haya, Emuria. Huyu ana kiu ama ana njaa?"

"Lakini nundu yake imeisha maji."

"Maji! Kweli wewe ni mtu wa ng'ombe. Ndani ya nundu hakuna maji. Ni mafuta. Akishiba, nundu inasimama. Akikosa chakula, mwili unatumia yale mafuta, nundu inalala. Mnyama anakwambia ana njaa, wewe unamletea ndoo!"

"Si tunamkatia nyasi?" Nakolong aliuliza.

"Nyasi ni ya ng'ombe, mama. Tazama mdomo huu. Wa juu umepasuka katikati. Anachuma nao jani kati ya miiba. Mgunga una mizizi mirefu, unafuata maji chini kabisa. Nyasi ikikauka, mgunga bado una majani. Mungu alimpa mti miiba ya kujilinda, akampa ngamia mdomo wa kuipita."

Sirad alitoa chumvi kidogo kwenye mfuko wake, akaiweka kiganjani. Ngamia aliilamba mpaka kiganja kikawa kisafi.

"Anahitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe. Huko porini anaipata kwenye vichaka vyenye majani ya chumvi. Na hiyo miguu mirefu ni ya kutembea. Anakula hapa kidogo, pale kidogo, siku nzima. Akipata majani mabichi, anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji. Hapa karibu na kisima miti imekwisha. Mnamuua kwa huruma."

Emuria alikaa chini. Alishika kichwa.

"Kesho alfajiri mwanangu Sakariye anapeleka ngamia wetu upande wa Leparua, kwenye miti mingi," Sirad alisema. "Nenda naye."

"Akinifia huko, tutakosa maziwa, tutakosa na nyama."

Nakolong alimtazama Akal aliyelala mkekani. Mbavu zake zilionekana. Kisha akamtazama mumewe.

"Nenda, Baba Akal. Mchinjaji nitaongea naye mimi."

Mchinjaji alikuja, akakuta ngamia na ndama wake wameondoka na Emuria. Alinung'unika mpaka barabarani. Siku zilikuwa ngumu. Sirad alileta kikombe cha maziwa kila alipoweza. Siku nyingine Akal alikunywa uji mtupu, naye mama yake akaomba kimya asije akajuta kumkatalia mchinjaji.

Wiki sita zilipita. Jioni moja Nakolong alisikia kengele ya mbao ya ngamia. Emuria alikuwa mbele, amechomwa na jua, anacheka.

"Mguse," alisema.

Nakolong aliweka mkono juu ya nundu. Ilikuwa imesimama, ngumu kama unga uliokandwa vizuri.

"Anakunywa siku ya tano au ya sita," Emuria alisema. "Siku hiyo ndipo utaona maajabu! Anamaliza maji ya ndoo sita, ananitazama kama namnyima. Kesho kutwa narudi naye kwenye miti. Tutapokezana na Sakariye, na anayerudi ataleta maziwa."

Walimwacha ndama anyonye kwanza. Kisha Emuria akakamua. Povu likapanda mpaka ukingoni. Nakolong alimshukuru Mungu kwa maneno machache, akampa mtoto kikombe kwa mikono miwili.

Akal alikunywa bila kupumzika. Akafuta mdomo.

"Ongeza," akasema.

Nakolong akaongeza.