Ngazi ya Pili, Njia ya Katarina

Jumamosi ile soko la Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, lilifurika watu waliofuata cheri za kwanza za msimu. Zala Kobal, daktari wa meno mwenye mikono laini na ulimi mkali, alisukuma baiskeli yake katikati ya umati, gauni lake la kitani la rangi ya ndimu likipepea. Mara usukani ukanasa kamba ya begi la mwanamume mmoja mrefu.

"Dada, unaniteka nyara?" mwanamume aliuliza kwa upole.

"Anayetekwa habishi. Tulia nikunasue."

Alimnasua, lakini macho yao hayakunasuka. Mwanamume yule, Jernej, alikuwa fundi wa piano, mvi zikimchungulia masikioni. Naye alikuwa mpenda baiskeli. Wakapeana namba za simu, na jioni akapiga.

"Kesho tupande Katarina?"

"Kilima kile? Utaniweza?"

"Kukuweza sitaki. Nataka kuwa karibu nawe."

Zala alilala akitabasamu.

Wakawa wanapanda kila Jumapili, asubuhi ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, magurudumu yakinong'ona juu ya lami yenye umande. Ila kwenye mwinuko Jernej alibaki nyuma. Kifuani alivaa mkanda wa kupima mapigo ya moyo, namba zikionekana kwenye saa yake. Zikipanda, yeye hupunguza mwendo hadi vipepeo wampite.

"Ngazi ya pili ya mapigo," alisema. "Hapo mwili unajenga pumzi bila kujichosha."

"Hayo waachie wanaolipwa kushindana, mpenzi. Sisi tunaendesha ili tule keki bila dhambi."

Walicheka. Lakini Jumapili moja, kwenye kona ya msitu, Zala alimwambia neno alilolibeba wiki nzima: amekataa kazi nzuri mjini Trieste, Italia, kwa sababu yake. Alipogeuka kumtazama, Jernej alikuwa amesimama, macho kwenye saa.

"Naacha kazi kwa ajili yako, wewe unatazama saa?"

"Zala, ngoja kidogo..."

"Kaa na namba zako. Zenyewe hazina mdomo wa kukusumbua."

Akateremka kama upepo.

Jernej alipiga simu, haikupokewa. Zala akawa anapanda kila siku kwa nguvu zote, kana kwamba hasira hutoka kwa jasho. Miguu ikawa mizito kama magogo yaliyolowa, usingizi ukamkimbia, na kliniki nusura amng'oe mzee wa watu jino lisilo bovu. Siku hiyo simu ilipolia, akapokea.

"Bado una hasira?"

"Nimechoka, Jernej. Kadiri ninavyojikaza ndivyo ninavyozidi kuwa mzito."

"Pumzika basi. Halafu panda polepole."

"Usinifundishe. Niambie kwa nini ulitazama saa."

"Mwaka juzi misuli ya moyo wangu ilivimba. Daktari alinirudisha barabarani kwa sharti moja, nisivuke ngazi ya pili. Uliposema Trieste mapigo yaliruka. Sikujua ni ugonjwa ama ni wewe. Nikaogopa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila niliyemwambia alianza kunishika kama yai."

Zala alifunga kliniki mapema, akaenda kwenye karakana ya Jernej, akamkumbatia katikati ya piano zilizofunuliwa matumbo.

"Namba zile kwangu ni dawa," alimwambia. "Wewe mpanda baiskeli wa Jumapili huzihitaji sana. Ukiweza kunipa umbea bila kuhema, mwendo ni huo."

"Basi nitakwenda polepole sana, umbea ninao."

Njia ya polepole ilikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, kengele za ng'ombe, na sauti ya Jernej ubavuni. Nguvu zikamrudia. Siku nyingine furaha ilimzidi, akachomoka peke yake hadi kwenye kanisa lililo kileleni, kisha akamngoja.

Siku moja ya vuli Jernej alifika, akaketi kando yake nyasini.

"Nimewaza nikikungoja," Zala alisema. "Nataka nikungojee na nyumbani pia."

"Unaniposa, daktari?"

"Nakuposa."

Jernej alivua kofia, akafuta jasho.

"Hata moyo ukirudi kuumwa?"

"Hata hapo."

"Basi ndiyo," alisema, akamlalia begani. Chini yao bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na hakuna aliyetaka kuinuka kwanza.