Mbao za Kuvukia Mtaro

Siku Njue alipopaka alama nyekundu ya X kwenye duka la Lenah ilikuwa siku ya soko mjini Meru, na barabara ilikuwa imefurika watu hadi mikokoteni ya ndizi ikawa inapita kwa kusukumana. Lenah alikuwa amepiga magoti ndani, pini mdomoni, akipima pindo la gauni la mteja. Aliposikia brashi ikisugua nje, alitoka na pini zake vilevile.

"Wewe, huo ukuta niliupaka rangi Krismasi."

Kijana aligeuka. Alivaa koti la manjano la watu wa barabara na buti zilizojaa vumbi jekundu. "Pole, dadangu. Barabara inapanuliwa. Baraza lako ndilo linaenda, duka litabaki."

"Nani amekuambia mimi ni dada yako?"

"Basi nikuite nani?"

"Niite mwenye ukuta."

Wateja walicheka. Kesho yake kijana alirudi na suruali iliyopasuka gotini, akitaka ishonwe. Lenah aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mpasuko ulionyooka kama mstari wa rula.

"Hii umeikata na wembe."

"Nilikosa sababu ya kuja," Njue alisema.

Ndivyo walivyoanza. Njue alikuwa mhandisi kijana wa kampuni iliyopewa kazi ya kupanua ile barabara ya soko. Kwao ni Gachoka, kule chini kwenye joto, na lafudhi yake ya Kimbeere ilimfanya Lenah acheke hata Njue anapozungumza Kiswahili. Kila jioni simu ililia.

"Mwenye ukuta, umefunga kazi?"

"Nimefunga. Na wewe umekula?"

"Nimekula muguka."

"Muguka ni majani ya kutafuna, si chakula. Panda huku juu tukupe miraa ya watu wazima."

"Nikipanda nitarudi na msichana wa Kimeru."

"Jaribu uone kama utashuka mzima."

Jumapili alimngoja nje ya kanisa, shati jeupe, viatu vimeng'aa. Lenah alivaa gauni la kitenge cha samawati alilojishonea mwenyewe, na Njue alilitazama mpaka akajikwaa kwenye ngazi. Alipenda wanaume wanaojikwaa, Lenah alimwambia, maana hawajioni sana.

Lakini mtu aliyempenda Njue kumshinda Lenah ni mzee Ishmael, babake. Ishmael ndiye aliyemfundisha binti yake cherehani. Sukari ilikuwa imemla macho, akabaki anaona mwanga na vivuli tu, ila vidole vyake vilikuwa bado vinajua kazi. Alikaa pembeni mwa duka akishona vifungo kwa kupapasa. Baba na binti walipanga chumba nyuma ya soko. Mama, Veronicah, alibaki nyumbani Githongo akitunza kahawa.

Mtaro ulipochimbwa, ulipita mbele ya duka kabisa. Kina chake kilimpita mtu, na chini yake nondo zilikuwa zimesimamishwa wima zikingoja zege. Njue alileta mbao nene, akatengeneza daraja la kuvukia lenye mkono wa kushikilia pande zote, kisha akampitisha Ishmael mwenyewe, huku na huko, mpaka mzee akaridhika.

"Kijana wangu," Ishmael alisema, "hapa hata usingizini nitapita."

Wiki hiyo habari ilienea kwamba wakubwa kutoka Nairobi watakuja kukagua barabara. Kazi ikawa ya kukimbizana. Lenah naye alikuwa na bibi harusi wa kumpima gauni huko Maua, akaondoka asubuhi na mapema. Kabla hajatoka, babake aliuliza kama amngoje mpaka arudi, amshike mkono wakienda dukani.

"Nenda tu, baba," Lenah alisema akifunga mkoba. "Daraja lipo."

Alikuwa Maua, ameshika utepe wa kupimia kifuani mwa bibi harusi, Gladwell wa duka la jirani alipopiga simu. Gladwell hakuweza kusema. Alilia tu, mpaka mwanamume mmoja akaichukua simu akasema maneno yenyewe: mzee ameanguka mtaroni, daraja halikuwepo, chuma kimempata.

Lenah alimpigia Njue. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga njia nzima, pickup za miraa zikimpita kwa kasi, na kila mara sauti ileile ya mashine ikamwambia mteja hapatikani.

Alipofika, babake alikuwa ameshapelekwa mochari. Mtaro ulikuwa umezungushiwa utepe wa manjano, mpya. Mama mmoja muuza viazi alimvuta kando. "Mbao zimeuzwa, mwanangu. Ziliondolewa jana jioni na lori, mkiwa mmeshafunga. Huyo kijana wako alikuwa amesimama hapo hapo."

Njue alipiga usiku ule. Alikuwa ametumwa timboni kufuata kokoto, kusiko na mtandao. Lenah alisikia akilitaja jina lake na akaikata simu. Njue alipiga tena, Lenah akaikata. Mwisho aliitoa laini akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji.

Walimzika Ishmael huko Githongo, mvua ikinyesha. Njue alikuja. Alivua koti akachukua koleo kati ya vijana waliokuwa wakifukia, na hakuna aliyemjua mpaka Lenah alipomwona. Alitembea hadi kwake mbele ya waombolezaji, matope yamefika kwenye magoti.

"Weka hiyo chini."

"Lenah, nisikize."

"Hutamfukia babangu. Weka chini, uende."

Aliiweka, akaenda.

Mwezi uliofuata kampuni iliita mkutano wa wafanyabiashara katika ukumbi wa kanisa. Lenah alienda kwa sababu Gladwell alimshika mkono akamlazimisha. Msimamizi mkuu wa mradi, Murungi, mtu wa suti nzuri na sauti ya upole, aliwapa pole, kisha akasema uchunguzi wao umekamilika. Marehemu, alisema, alipita utepe wa onyo. Kwa kuwa alikuwa na matatizo ya macho, ilikuwa bahati mbaya tu.

Lenah alishika kiti cha mbele yake ili asimame.

Ndipo mtu akasimama nyuma. Alikuwa Njue, na koti lake la manjano.

"Hakukuwa na utepe," alisema.

"Mhandisi, tutaongea ofisini," Murungi alisema.

"Utepe uliwekwa baada ya mzee kutolewa. Mbao hazikuuzwa. Zilibebwa zikatumike kumwagia zege upande ule ambao wakubwa wangeukagua, na wewe ndiye uliagiza. Mimi nilikuwepo zikipakiwa. Niliona na nikajua ni mzee gani hupita pale. Nikaogopa kubishana na mkubwa. Nikasema moyoni, kesho nitazirudisha. Asubuhi nikatumwa timboni, nikaenda. Hayo ndiyo yalitokea."

Ukumbi ulichafuka. Watu walipiga kelele, wengine wakimwelekea Murungi, wengine wakimwelekea Njue mwenyewe. Lenah alikaa akitazama sakafu, na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba aliamini kila neno.

Njue alifutwa kazi siku hiyohiyo. Murungi alihamishiwa mradi mwingine, na wengine wakasema amepandishwa cheo.

Lenah alifunga duka akarudi Githongo kwa mamake. Kahawa ilikuwa imeiva, na huko ndiko Njue alimkuta, kati ya mistari ya miti, kikapu kimefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda. Veronicah alimtazama kwa muda mrefu, akaitikia salamu yake, kisha akasogea na kikapu chake mbali kidogo, awaachie nafasi.

"Nimepata kibarua Embu," Njue alisema. "Kampuni ndogo, wanajenga tangi za maji."

"Vizuri."

"Sikuja kuomba msamaha ili nilale vizuri. Nimekuja kwa sababu bado nataka kukuoa. Nikae nikijua nilikuuliza."

Lenah alichuma punje moja, nyingine, akazitia kikapuni.

"Mimi ndiye nilimwambia aende," alisema. "Nilimwambia daraja lipo. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua. Kwa hiyo si kwamba nakuhukumu kama mtu msafi." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nakupenda, Njue. Kama ni mapenzi peke yake, ningeshuka nawe leo na hizi nguo za shamba. Na pale kanisani ulisimama, watu wengi hawangesimama. Lakini nikiolewa nawe, kila jioni ukirudi kazini nitakutazama nijiulize leo umeona nini ukanyamaza. Utakuwa unaniletea mkate, na mimi najiuliza. Hayo si maisha ya kumpa mtu unayempenda."

Njue alizitazama punje zilizomo kikapuni.

"Hata baadaye?"

"Usiningoje. Tafadhali. Ukiningoja utanifanya niwe na deni lingine."

Alinyoosha mkono, naye Lenah akaupokea. Kiganja cha Lenah kilikuwa kimenata utomvu wa kahawa, na mikono yao ilipoachana ilivutana kidogo kabla ya kubanduka. Njue alimwinamia Veronicah kwa heshima, akateremka kwa njia ya kiwanda cha kahawa bila kugeuka.

Lenah aliendelea kuchuma. Baada ya kitambo mamake alirudi mstari uleule, wakawa bega kwa bega.

"Umemkubali?"

"Hapana, mama."

"Unampenda?"

"Ndiyo."

Veronicah alivuta tawi lililolemewa, akaliinamisha binti yake alifikie.

"Lia basi," alisema. "Hapa tuko wawili tu."