Ufagio wa Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu Orvokki, msimu wa baridi baada ya kumzika mumewe, Tauno. Alipofunga nyumba yao ya ziwani, aliegemeza ufagio mlangoni, kama tufanyavyo huku Finland kuonyesha kwamba hakuna mtu. Bintiye akafunga kamera ya intaneti barazani.

“Mama, weka neno la siri kwenye simu, utaona mlango na kusikia.”

“Nisikie nini, mwanangu, na baba yako hayupo?”

Jioni moja, akiwa mjini, akafungua kamera kwenye simu. Giza, upepo, theluji isiyo na unyayo. Kisha kikohozi alichokijua.

Akabonyeza kitufe cha kusemea. “Tauno? Ni wewe, mpenzi?”

Picha ikakwama. Iliporudi, ufagio ulikuwa ukutani, pale Tauno alipouweka kila alipokuwa nyumbani.