Kishikwambi Kilichokula Polepole

Kila Ijumaa baada ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyosubiri: kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Wiki nzima pini zilidondoka na kujificha kwenye nyufa za sakafu, zikingoja kisigino cha mteja. Chiriku alifunga sumaku kwenye kamba, akaiburuta chini ya meza, akazunguka nayo hadi kwenye kiti cha wateja, huku mdomo wake ukienda kasi kama cherehani ya mama. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Jina lake la shuleni hata majirani walikuwa wamelisahau.

Ijumaa hiyo alimaliza mapema kuliko siku zote, kwa sababu zamu yake ya kishikwambi ilikuwa imefika. Darasa lao lilikuwa na vishikwambi sita vya bei ya chini, kimoja kwa kila kundi, na mwisho wa wiki mwanafunzi mmoja wa kundi aliruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Sharti la mwalimu lilikuwa fupi: kirudi Jumatatu kikiwa kizima na kina chaji. Mtoto akiharibu kimoja, vyote sita vinarudi kabatini na kufuli juu yake. Tena Jumatatu hiyo kundi la Chiriku lilitakiwa kulionyesha darasa picha na sauti walizokusanya kuhusu mitaro iliyoziba mtaani.

Aliyemkabidhi ni Waziri, mvulana wa kundi lake aliyekuwa na zamu ya wiki iliyopita. Alipewa jina hilo kwa kuwa hata akiazima kifutio huanza na "kwanza kabisa napenda kushukuru". Betri ilikuwa na asilimia thelathini na moja.

Chiriku alipotaka kuchomeka chaja, aliona vumbi limeshikana ndani ya tundu la kuchajia, kama ile pamba ya nyuzi inayojikusanya ndani ya cherehani. Hakujiuliza. Mtoto wa fundi cherehani akiona pamba ndani ya chombo, mkono huenda wenyewe kwenye sindano. Akachokonoa kushoto, akachokonoa kulia, akatoa kidonge cha kijivu. Ndipo sindano ilipogonga kitu kigumu ndani, ikalia "ki". Aliitazama sindano, akalitazama tundu, akajiambia kuwa si kitu.

Akachomeka chaja, akakaa kutazama picha za mitaro huku kioo kikiwaka kwa mwanga wote. Baada ya saa nzima akaangalia betri: ishirini na tisa. Kishikwambi kilikuwa kinakula umeme na bado kinakonda! Ni ile sindano, alijua ni ile sindano.

Tangu hapo mwisho wa wiki ulimharibikia. Alikificha kishikwambi chini ya vipande vya vitambaa karibu na soketi, na kila aliposikia hatua za mama alichomoa chaja na kusukuma vitambaa juu yake. Mama akitoka, anachomeka tena. Halafu hakuweza kukiacha kipumzike. Kila baada ya dakika chache alikiwasha kuona kimefika ngapi, na bado hakikuwa kimefika popote. Mama alimuuliza mara mbili kama anaumwa, maana tangu jana alikuwa hajasimulia kitu. Chiriku akasema ni usingizi tu. Jumapili jioni betri ilikuwa na asilimia kumi na nne.

Jumatatu kundi lilisimama mbele ya darasa. Picha ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, sauti ya mzee wa kando ya mtaro ikaanza kueleza jinsi maji yalivyoingia hadi chini ya kitanda chake, mara kioo kikawa cheusi. Mtu wa nyuma akasema hata mtaro wenyewe haujaziba namna hiyo, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akauliza kulikoni.

"Nilikipokea hivyohivyo, mwalimu," Chiriku akasema. "Alikuwa nacho Waziri."

Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia. Waziri alisimama akasema kwake kilikuwa kizima, lakini wiki chache nyuma alikuwa amemwangushia mwenzake mkebe wa vifaa vya hesabu, na darasa halikuwa limesahau. Mwalimu akasema kishikwambi kibaki mezani kwake, kundi litapewa nafasi nyingine Jumatano, na Waziri asichukue zamu tena mpaka ijulikane kimepatwa na nini. Kuhusu kabati, akasema, tutaona.

Wakati wa mapumziko Waziri alimfuata Chiriku. Chiriku alikaza mabega kungoja ugomvi. Lakini Waziri alikuwa ameinamisha kichwa.

"Labda nilikibana kwenye begi bila kujua," alisema. "Nisamehe. Nimewaharibia kazi wote."

Hakushukuru kwanza wala hakuweka madoido. Chiriku aliona afadhali angetukanwa. Mwenzake alikuwa ameshaanza kuuamini uongo wake.

Mchana alikwenda moja kwa moja karakana, akasimama kando ya cherehani mpaka mama akaondoa mguu kwenye pedali. Akaeleza yote: sindano, vitambaa, Waziri. Mama hakupandisha sauti. Alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akavaa viatu. Akasema watarudi shuleni sasa hivi, na atakayesema ni yeye aliyechokonoa.

Walimkuta mwalimu akisahihisha madaftari, na Waziri, ambaye ilikuwa zamu yake ya kufagia, akiwa na ufagio mkononi. Chiriku aliona heri Waziri angekuwa hayupo. Halafu akaona ni afadhali yupo, kwa kuwa angesema mara moja tu.

"Mwalimu, si Waziri. Nilichokonoa tundu la chaji kwa sindano ya mama, nikanyamaza. Waziri, nilikusingizia."

Ufagio ulisimama. Mwalimu aliweka kalamu chini, akasema kwanza tujue ubaya umefika wapi. Alimpa mama kishikwambi na chaja yake wavipeleke kwa fundi simu, ng'ambo ya geti la shule. Waziri akaomba kwenda pia. Alisema yeye ni mshtakiwa, ana haki ya kusikia hukumu. Mama akacheka. Chiriku hakuweza.

Fundi simu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimulika tundu kwa tochi, akalitazama kwa lenzi, akachomeka kifaa kidogo kinachopima umeme, akasubiri. Chiriku alihesabu bisibisi zote zilizokuwa mezani, akarudia kuzihesabu.

"Huyu si mgonjwa," fundi akasema mwishowe. "Ndivyo alivyozaliwa. Ni mvivu wa kula."

Akawaeleza taratibu. Kishikwambi hiki kimetengenezwa kiuzwe kwa bei ya chini, kwa hiyo watengenezaji wamepunguza mahali ambapo mnunuzi haangalii. Kioo ni kikubwa, betri ni kubwa, lakini mdomo wake wa kulia, yaani tundu la chaji, ni mdogo, wa aina ya zamani, na chaja yake ni dhaifu. Kinahitaji saa saba au nane bila kuchomolewa ndipo kijae. Ukikitumia huku kioo kinawaka sana, kinatumia zaidi ya kinachoingia, ndiyo maana namba inashuka. Kuhusu sindano, akamgeukia Chiriku, safari hii una bahati, hukukwaruza kitu. Siku nyingine unaweza kukiua kabisa. Pamba hutolewa kikiwa kimezimwa, kwa kijiti kikavu cha mti, tena na mtu mzima.

Chiriku alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Ijumaa. Kumbe kingekuwa kimejaa tangu Jumamosi! Kilichokinyima chaji ni kule kuchomoa na kuficha kwake mwenyewe.

"Kwanza kabisa napenda kushukuru," Waziri akaanza, na safari hii Chiriku alicheka mpaka akakaa chini.

Waliporejea, mwalimu alisikiliza habari yote. Akasema kabati litabaki wazi. Zamu ya Waziri ikarudi, ya Chiriku ikasogezwa nyuma kabisa ya orodha, na kesho yake alitakiwa alieleze darasa alivyomsingizia mwenzake na ukweli ulivyokuwa. Chiriku alikubali bila kujitetea.

Njiani mama alimshika bega. "Mwanangu, mteja akiwa na fedha kidogo na mimi napunguza. Naweka bitana nyepesi, kile kitambaa cha ndani ya nguo, na mfuko wa ndani siuweki. Lakini namwambia nimepunguza wapi, ili asije akatia sarafu kwenye mfuko ambao haupo. Kupunguza hakujamdhuru mtu. Kinachodhuru ni kunyamaza. Waliokitengeneza walinyamaza, na wewe ukanyamaza. Ungeniambia Ijumaa, tungecheka Ijumaa hiyohiyo."

Jumanne, baada ya Chiriku kusema yake mbele ya darasa, kishikwambi kilizimwa na kuchajiwa mezani kwa mwalimu tangu kengele ya asubuhi hadi ya kutoka, wala hakuna aliyekigusa. Jumatano mzee wa mtaro alimaliza maelezo yake yote, na darasa likapiga makofi.

Jioni hiyo Chiriku alikusanya vipande vilevile vya vitambaa alivyofichia, akashona mfuko wa kishikwambi. Mama alimwonyesha jinsi ya kutarizi, na mbele ya mfuko yakatokea maneno ya uzi mwekundu, yamepinda kidogo lakini yanasomeka: "Nakula polepole. Nizime kwanza, uniache saa nane. Na ukinidondosha, sema."