Ubani wa Saa Tisa Mchana

Saa tisa mchana Mwanne alisikia harufu ya ubani ikitoka chumbani kwa mwanawe Iddy, ilhali chetezo cha nyumba ile ya Makole kilikuwa kabatini, hakijaguswa tangu Maulidi.

Iddy alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam akiwa mifupa mitupu, unga umemla hadi meno. Kila asubuhi dada yake Lulu alimsindikiza hospitali kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, mbele ya nesi, na mashavu yalikuwa yameanza kumrudi. Lakini majirani walimwona kwenye foleni ya mateja, na kwa aibu Mwanne akaacha kupita mbele ya baraza zao.

Alibisha hodi. Ikajibu sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo.

"Huyu si teja. Huyu ni wangu. Komeni kumnywesha madawa ya hospitali."

Mwanne alirudi nyuma hatua moja, kisha, tuseme ukweli, akafurahi. Jini ni mgeni wa heshima, hata bibi yake alikuwa nalo. Teja ni mwizi wa ndoo za watu. Akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mganga aliitwa kutoka Mkonze. Alithibitisha, akapiga marufuku hospitali, akaagiza jini liwekewe chano: sinia la halua, mayai, marashi, na chochote litakachotaka. Jini nalo likataka. Lilianza na hereni za dhahabu, likaja kwenye redio, likamalizia na cherehani. Kilichoingizwa chumbani jioni, asubuhi hakikuwepo.

"Mama," Lulu alinong'ona, "cherehani yetu nimeiona sokoni. Majini hayauzi cherehani."

Mwanne alimzaba kofi.

Ijumaa moja, upepo ukirusha vumbi jekundu juu ya mabati, harufu ya ubani ilizidi, ikachanganyika na ya kitu kilichoungua, na Mwanne akabeba chano akipiga hodi, akapiga tena kwa sababu ndani hakuna aliyejibu, si mzee wala kijana, na alipousukuma mlango alimkuta Iddy ameegemea ukuta, midomo imegeuka rangi, sindano bado imening'inia mkononi.

Mganga hakupokea simu. Watu walimzika Iddy wakisema kazi ya Mungu haina makosa, na Mwanne hakuweza kumtazama Lulu usoni.

Baada ya hitima, wageni walipotawanyika, aliingia kile chumba kukunja godoro. Ubani tena, mzito kuliko siku zote. Akachungulia chini ya kitanda, akafunua pazia. Hapakuwa na mtu. Mwili ukamsisimka, na kwa mazoea akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee," alinong'ona.

"Marahaba," ikajibu ile sauti, karibu kabisa na sikio lake. "Huyu si teja. Huyu ni wangu."

Alipogeuka, Lulu alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameing'ata, macho yameganda kwenye midomo ya mama yake.

"Mama," alisema polepole, "mbona unajiitikia mwenyewe?"