Chembe Zilizogandana

Evarista alikutana na Yotham soko la Majengo, Jumamosi, watu wamejaa pomoni. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa jipya, na ndoo ya samaki ya Yotham ikalimwagia maji ya barafu mpaka kwenye pindo.

"Samahani dada yangu! Nikufulie?"

"Hapa hapa sokoni?"

"Basi nipe namba, nije nikufulie nyumbani."

Akacheka. Tangu atoke Bukoba kuja kusoma, Dodoma nzima hakuna aliyekuwa amemchekesha. Chumbani kwake Nzuguni alikula peke yake, akalala peke yake.

Yotham alikuwa na duka la samaki wa friza, na ulimi wa asali. Evarista, katika maabara ya chuo, alitengeneza chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni, zilizoelea majini hadi maji yakawa mekundu.

"Zikigusana je?" Yotham alimuuliza jioni moja wakila chipsi.

"Zinang'ang'aniana, mpenzi. Pale zilipogusana kila moja inabonyea, katikati inaota shingo ya kuziunganisha. Hata ukizitenganisha, haziwi duara tena."

"Kumbe dhahabu nayo inapenda hivyo!"

Siku umeme ulipokatika chuoni, Evarista alikuwa Morogoro. Akampigia Yotham. "Baba, kachukue chupa yangu ya chembe kwa Generosa, mwenzangu wa maabara, uiweke kwenye ubaridi dukani. Ni kazi ya mwaka mzima."

"Usijali, malkia wangu. Jenereta ipo."

Akaitia kwenye friza, chini ya sato. Mtu wa samaki, kwake kisichoganda kimeoza.

Evarista aliporudi na barafu ikayeyuka, wekundu wote ulikuwa umekwisha, yamebaki maji ya kijivu. Yalipoganda, chembe zilisukumwa pamoja zikashikana.

"Umeniua, Yotham!"

"Si ulisema ubaridi?"

"Toka! Muuza samaki atajua nini?"

Yotham aliondoka. Masika yote alipiga simu, Evarista akaiacha iite. Kisha ikanyamaza.

Kiangazi, kabla ya kuyamwaga yale maji, aliyatazama kwa hadubini ya chuo. Chembe zilikuwa zimebonyezana, hakuna hata moja iliyobaki duara. Alikaa mbele ya picha ile akikiri moyoni kwamba hakuwahi kumwambia Yotham yasigande. Alimtamani. Akapiga.

"Haloo, Evarista?" Nyuma yake wazee walikuwa wakiongea ndani ya gari.

"Yotham, kosa lilikuwa langu. Na lile neno la muuza samaki, nisamehe. Nakupenda."

"Nawapeleka wajomba Mkonze. Wanapeleka posa kwa akina Loisi, binti wa kanisani kwetu."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema. Nilikupigia masika yote, Evarista. Ungepokea hata mara moja."

Evarista alizima hadubini.

"Wape wajomba shikamoo zangu," alisema.

"Zimefika."

Evarista akakata simu, akalia kwa sauti mle maabara, na hakuna aliyekuja kumuuliza ana nini.