Maua Kumi ya Mlangilangi

Kila alfajiri, juu milimani Makete, miti arobaini ya mlangilangi ilikuwa imejifunika mablanketi yasiyoonekana. Yaliitwa blanketi-hewa. Nyaya zilizofukiwa mizizini zilitoa joto, na feni ndogo zilizoelea angani zililizungusha lisitoroke. Lilikuwa joto la kuuzuia mti usife, si zaidi. Nje ya blanketi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Ndani, matawi yalijaa maua ya manjano.

Mhandisi Lusungu Tweve, mzaliwa wa huko huko, alitumia miaka saba kuyapata maua hayo. Kazi hiyo aliwafanyia watu wa Pemba, waliohamishiwa Makete bahari ilipomeza mashamba yao. Walipoulizwa wanahitaji nini, Bi Mize Hamadi alijibu kwa niaba ya wote: mlangilangi unaonukia. Miche ikaoteshwa kwa mbegu za mwisho zilizookolewa.

Lakini umeme ulikuwa haba, na halmashauri ikaweka sharti. Miti ikinukia, joto litaendelea. Isiponukia, joto litapelekwa kwenye vitalu vya viazi. Lusungu akafunga pua-mtambo kwenye matawi, chombo kinachonusa kuliko mbwa. Asubuhi tatu mfululizo kilisoma sifuri. Alikuwa mkweli kupita kiasi, tena aliamini mitambo kuliko watu, basi akaandika sifuri. Jumatatu joto likazimwa. Kufika Jumatano miti yote ilikuwa imekauka, myeusi.

Mchana huo akaenda kwa Bi Mize na maua kumi aliyoyachuma kabla ya kuzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Sogea hapa jikoni, kuna moto."

Akamweleza kwamba maua hayakunukia, kwa hiyo joto limezimwa na miti imekufa yote. Bi Mize akayapokea maua, akayachomeka kifuani chini ya kanga, akamimina chai. Wakanywa wakizungumzia harusi ya mjukuu wake, Time, itakayofanyika keshokutwa.

Chai haijaisha, chumba kizima kikaanza kunukia. Lusungu hakuwahi kunusa kitu kama kile. Akaweka kikombe chini.

"Bibi, ni nini hicho?"

"Ni maua yako hayo."

"Lakini niliyapima. Yalikuwa sifuri."

"Uliyapima wapi?"

"Mtini."

"Mtini kuna baridi, baba. Ua hili twalivaa. Likipata joto la mwili ndipo hutoa harufu yake. Hata kwetu, asubuhi za kipupwe, hulisikii mpaka ulivae." Akamwongezea chai. "Miaka saba wapita mlangoni hapa. Ungeniuliza."

Lusungu aliona haya. Alitamani angalau asubuhi moja tu kati ya zile tatu angekuwa mwongo.

Bi Mize akamwita Time. Binti huyo alizaliwa Makete. Ua hilo alilijua kwa kusimuliwa tu. Bibi akamchomekea maua yote kumi kifuani.

"Si tuyaweke ya harusi, bibi?"

"Keshokutwa yatakuwa yamenyauka. Nusa sasa."

Time akainamisha kichwa, akavuta pumzi, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akamgeukia mhandisi na kumwomba kwa adabu amletee mengine siku ya harusi, hata kikapu kimoja tu.

Bi Mize akatazama moto, akamwachia Lusungu ajibu mwenyewe.